Nyegere, Mlinzi wa Mzinga

Paliondokea ufalme wa Ndovu ng'ambo ya mto mpana, mto ambao kiangazi hupungua hadi vijito vichache katikati ya mchanga, na masika hufura ukameza mitumbwi na waliomo. Ufalme huo ulijaliwa pwani ndefu yenye mikoko, uwanda wa juu wenye ukungu wa asubuhi, na katikati yake msitu ambao hata aliyezaliwa humo huuliza njia. Habari zake zilivushwa upande huu na vijana wa Ruangwa na Nachingwea waliokwenda huko kuchimba mawe mekundu, wakatimuliwa mwanzoni mwa mwaka 2017 na kurudi mikono mitupu. Kila mmoja alirudi na kipande chake cha kisa, nami nimeviunga tu, kama fundi cherehani aungavyo vitambaa vilivyosalia mezani. Anayetaka kuuona ufalme huo kwenye ramani na autafute mwenyewe. Mimi ni msimulizi, si mpima ardhi.

Ndovu hawakuzaliwa wafalme. Kabla yao nchi ile ilikuwa mali ya Nyangumi, aliyetokea bahari ya machweo akitafuta dhahabu na pilipili, akaomba maji ya kunywa pwani, akakaa karne nne na ushei. Katika kukaa kwake aliwalimisha Ndovu pamba wasiyoivaa, akawabebesha mizigo ya meli wasizozipanda, na aliyeuliza ujira wake alipigwa viganjani kwa kibao cha mti chenye matundu, hata mkono ukavimba asiweze kushika jembe wala tonge. Walipochoka wakavuka mto usiku. Twiga wa upande huu, mwenye shingo ya kuonea mbali, alikuwa amejipatia uhuru wake juzijuzi na moyo wake ungali mweupe. Hakuwauliza wageni wake watakaa siku ngapi wala wamekuja na nini. Akawaonyesha Nachingwea.

Na Nachingwea ilikuwa imekwisha kuwazoea wageni wenye mipango. Mwaka 1947 Waingereza, waliotoka vitani wakiwa na njaa ya mafuta ya kula, walileta matrekta na matingatinga kulima karanga hapa, Kongwa na Urambo. Walifyeka pori, wakatandaza reli kutoka pwani, wakajenga bandari ya kina kirefu Mtwara, wakateketeza paundi milioni 36 za walipa kodi wao, na mwaka 1951 wakafunga virago, mavuno yakiwa ya kuchekesha. Kumuuliza mkulima wa Kimwera mvua ya huku inanyesha vipi, na udongo wa huku hukauka ukawaje, hilo halikuwamo katika bajeti. Reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yakabaki mashamba yenye namba badala ya majina, na moja kati ya hayo, ambalo wenyeji mpaka leo huliita Farm 17, ndilo walilopewa Ndovu wajifunzie vita.

Misaada ya Ndovu nayo ilitoka mbali. Kamati ya Ukombozi, iliyoundwa na wakubwa wa bara zima mwaka 1963 na kuwekwa Dar es Salaam, ilikusanya michango na kupokea makasha. Silaha zilitoka nchi ya Theluji, na wakufunzi walitoka nchi ya Ukuta Mrefu. Mkufunzi mmoja, ambaye wasimulizi hawamtaji jina, alikuwa na desturi ya kuchora kijiji mchangani kwa kijiti: hapa kisima, hapa ghala, hapa nyumba ya jumbe, hapa njia ya wanawake waendao kuni. Kisha humkabidhi kijiti Ndovu kijana na kumtaka aonyeshe ataanzia wapi. Aliyeanzia nyumba ya jumbe alirudishwa mwisho wa mstari. Aliyeanzia ghalani alirudishwa pia. Aliyeanzia kisimani aliambiwa aketi kivulini.

"Kisimani," mkufunzi akasema, "ndipo utakaposikia nani kanyang'anywa nini, na nani kamnyang'anya. Ukilijua hilo, kijiji kitakulisha na kukuficha. Usipolijua, hata ukiwa na mizinga mia, kazi yako itakuwa kuilinda mizinga yako tu."

Ndovu walilishika somo. Wakavuka na kuvuka tena, na ufalme mzima ukawabeba: Palahala wa uwanda wa juu, wenye pembe ndefu na magoti yasiyochoka, walipitisha makasha ya risasi msituni mwendo wa siku kadhaa, na Korongo wa mikokoni, wavuvi wa tangu na tangu, wakavusha watu na habari kwa mashua zisizowashwa taa. Kambini sala zilikuwa mbili na sufuria moja. Mwaka 1974 Nyangumi akachoka, akakubali kuondoka. Lakini kabla ya kuvuka kwa mara ya mwisho kwenda kutawazwa, Ndovu wakafanya jambo hapahapa Nachingwea ambalo si wengi wapendao kulieleza: waliwapanga wenzao waliokuwa na maoni mengine, mmoja wao akiwa mhubiri wa dini aliyewahi kuwa makamu wa mkubwa wao wa kwanza, wakawasomesha makosa yao kwa sauti mbele ya umati. Wale hawakurudi kwao. Kwa maoni yangu somo la kisimani lilianza kufutika siku ile, bendera ikiwa bado imekunjwa.

Wakawa wafalme. Mji mkuu ulikuwa kusini kabisa, mbali na mto kiasi kwamba barua ya malalamiko kutoka mikokoni ilifika ikiwa imesahau ilichokuja kusema. Palahala, kwa jasho la makasha, walipewa medali, pensheni na viti. Korongo walipewa nafasi katika nyimbo. Hilo peke yake lisingevunja ujirani, maana wawili hao walikuwa watani. Korongo alipofiwa, mtani wake Palahala alikuja kuzuia jeneza mlangoni, akidai deni ambalo marehemu hakulikopa, mpaka wafiwa wakacheka na machozi yakiwa mashavuni. Palahala alipobatiza mtoto, Korongo alileta samaki na sufuria yake mwenyewe, akapika kando, akala hapohapo, na hakuna aliyemnunia mwenzake. Mmoja aliamshwa kwa adhana, mwingine kwa kengele, na wote wawili waliamka.

Kisha pakavumbuliwa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa yale mawe mekundu. Kwa muda yalichimbwa na kila mwenye sururu, vijana wa Korongo, wa Palahala, na wa upande wetu pia, waliozoea vumbi la machimbo madogo ya Ruangwa. Halafu ikatolewa hati, mgeni akapewa robo tatu ya mgodi, na robo iliyobaki ikaangukia kampuni ya Ndovu mmoja mstaafu wa vita vya ukombozi, kwa bahati tu, kama bahati zinavyowajua wastaafu. Wenye sururu wakafukuzwa kwa fimbo na mbwa.

Cha pili kilikuwa asali. Warina-asali wa pande zote mbili za mto wanamjua mlembe, ndege mdogo anayeitika mluzi wa binadamu na kumwongoza hadi kwenye nyuki, naye hujilipa kwa nta. Mlembe wa kisa hiki hakuwa mdogo. Alitoka nchi za baridi, akatua na vitabu vya hesabu, akasema kwamba mbele ya mikoko, chini ya mwamba wa bahari, pana asali ambayo wajukuu wa wajukuu hawataimaliza, asali inayowaka bila moshi, na kwamba kuirina kunahitaji mabilioni na uzio. Mabilioni angeleta yeye. Uzio ungehitaji ardhi.

Korongo waliokaa mahali pa uzio wakaambiwa wahame. Hawakudhulumiwa ovyoovyo, la; walidhulumiwa kwa utaratibu. Walijengewa nyumba za bati zenye bomba, mbali na maji chumvi, na Korongo ambaye babu wa babu yake alijua kutofautisha bamvua na maji mafu kwa kuutazama mwezi tu, akakabidhiwa jembe, mbegu, na cheti cha kuhudhuria semina. Diko lao, ambako mashua zilipakua na wanawake wakanunua samaki wangali wakirukaruka, likageuka gati la Mlembe. Wakaambiwa ajira zinakuja. Ajira zikaja kweli, zikishuka kwenye ndege kutoka mji mkuu, zimekwisha valishwa viatu.

Ndipo wakatokea Vijana. Hivyo ndivyo walivyojiita, utadhani waliobaki wote ni vikongwe. Walikuwa watoto wa Korongo waliokwenda kusoma mbali au kusikiliza waliosoma mbali, pamoja na wageni kutoka pwani za kaskazini, wakaanza kuingia katika nyumba za ibada za wazee wao bila kuvua viatu, wakisema sala za humo zina kasoro, na kwamba mtoto asiende shule ya Ndovu wala mgonjwa asiende zahanati ya Ndovu. Wazee wa Korongo walishtuka kabla ya mtu mwingine yeyote. Wakafunga safari mpaka ofisini, wakamkuta karani Kobe.

"Bwana mkubwa, tuna watoto wanapotea, na wanapotea na visu."

Kobe akatoa kichwa. "Wameiba?"

"Bado."

"Basi hayo ni mambo yenu ya dini. Serikali haina dini." Akarudisha kichwa ndani. Wazee walirudi tena mwaka uliofuata, na uliofuata, na kila mara kichwa kilitoka na kurudi.

Wanyama hawana kalenda, ila kwa hesabu za binadamu ilikuwa alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017 Vijana walipovamia vituo vitatu vya askari katika mji mmoja wa bandari, wakakaa humo hadi jua likapanda. Ndovu wakatangaza kwamba ni wahuni wachache wasiojulikana. Halafu, kwa kuwa wasiojulikana hawakamatiki, wakawakamata wanaojulikana: wakafunga nyumba za ibada za Korongo, zikiwamo za walewale wazee waliokwenda kumshtakia Kobe, na kila mwenye shingo ndefu na miguu myembamba akasimamishwa njiani aeleze anatoka wapi. Palahala wastaafu wakagawiwa bunduki walinde vijiji vyao wenyewe. Hakuna aliyewaambia ni vijiji vya imani gani vilindwe. Haikuwa lazima kuwaambia. Baada ya misimu miwili Korongo mwenye ndevu akipita uwanda wa juu alitazamwa mikono, na Palahala mwenye msalaba shingoni akishuka pwani aliufunika kwa ukosi. Kwenye misiba hakuna aliyekuja kudai deni la marehemu. Kule ng'ambo ya bahari wenye vitabu wakaandika kwamba ni vita vya dini, na wengine wakaandika kwamba dini haihusiki hata kidogo, na vitabu vya aina zote mbili vikanunuliwa vizuri.

Ndovu wangeweza kushuka kisimani. Badala yake wakafungua milango ya kuomba ulinzi, na hapo ndipo hekaya inapokuwa na wahusika wengi kuliko inavyoweza kuwalisha.

Wa kwanza walikuwa Mbwamwitu wa nchi ya Theluji, mwaka 2019, wapiganaji wa kukodi wenye manyoya mazito na bei nafuu. Walisema wamemaliza kazi ngumu kuliko hii. Wakaingia msituni wasioujua, na wenyeji wasiotaka kuwajua, joto likawala, mvua ikawala, na Vijana wakamalizia. Kabla ya mwaka kupita walikuwa wamebeba wafu wao na kwenda zao. Wa pili walikuwa Kozi wa kukodi kutoka kusini, waliopigana wakiwa angani. Kozi hawakuogopa msitu kwa kuwa hawakukanyaga. Tatizo lilikuwa moja, kwamba ukiwa juu sana Korongo anayekimbia kuchinjwa na Korongo anayekimbilia kuchinja wanafanana, na Kozi hawakuwa na muda wa kutua wakauliza.

Wakati huo majirani walikuwa wakikutana. Baraza la Wanyama wa Kusini lina sifa ya mikutano, na kwa haki yake mikutano hiyo huwa mizuri: chai ya saa nne, korosho za kukaangwa, bahasha za posho zilizopangwa kwa alfabeti, na mwisho Kasuku msomaji wa matamko. Kasuku alisoma kwamba Baraza limepokea taarifa, likazingatia, likaeleza wasiwasi wake mkubwa, likasisitiza mshikamano, na kukubaliana kukutana tena. Ndovu walihudhuria kila mara na kila mara walikuwa wa kwanza kulipinga jeshi la pamoja, wakieleza kwamba uhuru wa nchi ni kitu kitakatifu na kwamba mgeni haji na kikombe chake. Kozi wa kukodi, kwa sababu analipwa, hakuhesabiwa kuwa mgeni. Miaka mitatu na nusu ikapita hivyo. Vijiji vikawaka kimoja baada ya kingine, na wanyama laki kwa laki wakatembea wakiwa na sufuria kichwani wasijue waelekee wapi.

Tarehe 24 Machi 2021 Vijana wakaingia mji ulio mlangoni mwa uzio wa asali. Mlembe alitazama moshi ukipanda upande wa pili wa waya wake, akakunja vitabu, akapaa, na mwezi uliofuata akatangaza kwamba shughuli zimesimama kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Hapo ndipo masikio ya Ndovu, ambayo ni makubwa, yalipoanza kusikia. Msaada ambao vijiji viliungoja miaka mitatu na nusu, mzinga uliungoja miezi mitatu na nusu.

Aliyefika ni Nyegere.

Nyegere alitoka nchi ndogo ya vilima vingi, isiyopakana na ufalme wa Ndovu kwa upande wowote, na Julai hiyo alitangulia majeshi ya Baraza kwa takriban wiki moja, jambo lililowakera wenye Baraza kuliko vita vyenyewe. Ni lazima niseme ukweli wake, kwa kuwa msimulizi anayemdhulumu mhusika hana tofauti na Kobe. Nyegere alikuwa na nidhamu. Ngozi yake nene haikujali nyuki wala risasi, askari wake walilala mapema, hawakumwibia mwenye kioski maji, na waliwasalimia wanyama wa pwani kwa lugha ya pwani, lugha yetu hii, ambayo wakubwa wa Ndovu waliizungumza kwa mashaka. Kabla ya mwezi wa pili kuisha, mji wa bandari ulioshikwa na Vijana mwaka mzima ulikuwa mikononi mwake. Wakimbizi waliorudi walimpungia. Wengine walisema heri Nyegere kuliko Ndovu wetu, na kauli hiyo, ukiitafakari, si sifa kwa Nyegere peke yake.

Ila waliozaliwa jirani na mizinga walikunja uso kidogo. Wanafahamu nyegere anapenda nini. Wakamwona akizungushia ngome sehemu ileile ya uzio. Wakawaona binamu zake wakiwasili wakiwa na kampuni za ulinzi na mikataba midogo midogo. Na wakasikia kwamba gharama zake halipi Ndovu. Wakubwa wa nchi za Machweo, ambako asali ingekwenda kuwashwa majira ya baridi, walimchangia mfukoni milioni 20 za fedha yao mwaka 2022, na milioni 20 nyingine mwaka 2024. Mwaka huohuo wa pili majirani wa Nyegere upande wa magharibi walikuwa wakilia usiku na mchana kwamba Nyegere huyuhuyo yumo ndani ya mizinga yao wenyewe, anachochea nyuki na kulamba vidole. Machweo wakatoa tamko la kusikitishwa, lililoandikwa kwa ufasaha, wakalitia saini kwa mkono wa kulia. Mfuko waliutoa kwa mkono wa kushoto, na desturi zao zinaruhusu.

Machweo walituma pia walimu. Na mkuu wa walimu hao, msije mkaniona mzushi, alikuwa mjukuu wa Nyangumi.

Kuna Ndovu mmoja mzee, pembe zake zimekatika ncha, aliyekuwa kijana wa kijiti cha Nachingwea. Jioni moja mjukuu wake alirudi kutoka mafunzoni na sare mpya inayonuka dukani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Leo mmefundishwa nini?"

"Kuheshimu raia, babu. Kwamba vita hivi havishindwi kwa bunduki peke yake. Ukifika kijijini uanze kwa kupata imani ya wanakijiji."

Mzee akanyamaza kidogo. "Wanasema muanzie wapi?"

"Kwa jumbe."

"Na nani anayefundisha?"

"Mjukuu wa Nyangumi, babu. Ana upole sana. Anasema familia yao inaijua nchi hii zamani."

Mzee alicheka mpaka masikio yakapiga upepo na kuku wakatoka uani. Alipomaliza kucheka alimtaka kijana amletee kijiti, amwonyeshe jambo mchangani. Kijana akasema ana zamu ya usiku uzioni, watazungumza kesho.

Na Twiga? Twiga aliona yote, shingo anayo. Yule aliyepokea wageni bila kuuliza siku ngapi, sasa aliweka askari kivukoni, na Korongo waliovuka wakiwa na watoto mgongoni walihojiwa, wakapakiwa kwenye magari, wakarudishwa ng'ambo kwa kivuko kingine, kwa maelfu, huku mashirika ya ndege weupe yakipiga kelele kwamba hivyo sivyo mikataba inavyosema. Simhukumu kwa wepesi. Oktoba 2020 moto ulivuka mto ukafika Kitaya, mkoani Mtwara, nyumba zikachomwa na watu wakauawa, na miongoni mwa Vijana walikuwamo waliozaliwa upande huu, katika mikoa hii hii ya korosho na ufuta ambako kijana asiye na shamba huambiwa asubiri. Twiga alikuwa na sababu ya kuogopa. Lakini wazee wa Nachingwea wanakumbuka kwamba hata zamani Nyangumi alikuwa na ndege za vita, mto ulikuwa uleule, na hofu ilikuwepo, na bado sufuria ilikuwa jikoni. Twiga alipeleka askari wake pia, wachache, wakapiga kambi upande mmoja wa uwanda. Kivukoni akaweka bango la kuwakaribisha wawekezaji.

Mwaka 2024 Baraza la Kusini liliondoa majeshi yake, mfuko ukiwa umetoboka, na Kasuku akasoma kwamba jukumu limetekelezwa kwa mafanikio. Nyegere akaongeza askari. Vijana, waliokuwa wamesukumwa mbali na uzio, wakahamia vijiji visivyo na asali, ambako hakuna aliyekuwa akisukuma. Ndipo pakaitishwa mkutano mkubwa wa amani, ndani ya uzio, kwa sababu za kiusalama. Walikaa Ndovu wa mji mkuu, Nyegere na msaidizi wake, mjukuu wa Nyangumi, wajumbe wa Machweo, Twiga aliyelazimika kuinama mlangoni, na Mlembe kama mtazamaji tu, ingawa kiti chake ndicho kilichokuwa katikati. Ajenda zilikuwa saba. Sita za kwanza zilihusu barabara ya kupitishia vifaa, taa za uzio, vibali vya ndege, fidia ya ucheleweshaji, picha ya pamoja, na shukrani. Ya saba iliandikwa Mengineyo.

Chini ya mti nje ya ukumbi walikaa wawili waliokuja bila mwaliko, bibi Korongo wa lile diko na mzee Palahala aliyeteremka uwanda wa juu kwa miguu siku mbili, kila mmoja akiwa amezika watoto wake wa kiume. Walikuwa hawajaonana tangu moto ulipoanza. Saa nane mlinzi aliwaonea huruma, akawaruhusu wasimame ukutani wasubiri ajenda ya saba. Ilipofika saa kumi na moja, Ndovu mwenyekiti akawaona, akasema wazee wetu hawa nao wapewe dakika moja.

"Waheshimiwa, shikamooni," bibi akasema, japo wengi wao angeweza kuwazaa. "Bunduki hatuombi, zimetosha. Semina tumehudhuria. Tunaomba diko. Si lote, kipande, tutoke usiku tuingie alfajiri, saa mtatupangia ninyi. Kijana mwenye mashua mumpe mahali pa kuiegesha. Asipokuwa na pa kuiegesha ataiuza, na mnunuzi wa mashua siku hizi tunamjua ni nani."

"Mpeni diko mtumwa wangu huyu," mzee Palahala akadakia kwa sauti ya utani iliyokuwa imetiwa kutu. "Babu yake alikufa na deni la babu yangu, vikapu arobaini vya nguru. Bila diko atanilipa na nini?" Bibi akamgeukia, akamtukana matusi mazuri ya kizamani, na kwa mara ya kwanza siku ile kukasikika kicheko ukumbini, ingawa cha watu wawili tu.

Karani Kobe, aliyepandishwa cheo baada ya vita kuanza, aliandika kwamba wazee wa pande zote mbili wameipongeza hali ya ulinzi. Mjumbe mmoja wa Machweo akauliza kama suala la diko linaweza kufadhiliwa kama mradi wa vijana. Mlembe akasema litahitaji tathmini ya mazingira. Nyegere hakusema kitu. Alikuwa akitazama saa, kwa kuwa helikopta ya wageni hairuki jua likizama. Mwenyekiti akashukuru, akaahirisha, na kutangaza kwamba kwa kuwa muda haukutosha, Mengineyo itakuwa ajenda ya saba katika kikao kijacho, ambacho Nyegere ameshaombwa alete ulinzi na Mlembe ameshajitolea kugharimia chai.